Monasteri Iliyokula Kilo Zangu

Wakati wa vita niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba katika milima ya nyuma ya kijiji cha Nundu kuna monasteri inayoponya wagonjwa kwa kilo za ndugu zao. Mambo yalikuwa hivi. Mgonjwa anapofika, watawa wanampandisha kwenye mizani. Anapokaa kwao, wanampima tena na tena. Kila kilo anayoongeza yeye, kuna mtu wake nyumbani anayeipoteza. Haikatwi kwa kisu. Inaondoka tu mwilini, inapanda mlima kama moshi wa jikoni, inaingia kwa mgonjwa kupitia kijiko. Mgonjwa anarudi kwao amepona, ana mashavu, anacheka. Wanaompokea wamebaki macho na magoti.

Asinicheke mtu kabla sijatoa ushahidi, maana ushahidi ulikuwepo wa kumwaga. Mwashi mmoja wa mtaa wetu hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, alibebwa kwenda huko akiwa amekonda hivi kwamba wabebaji walidai machela ndiyo nzito, yeye hana uzito. Alirudi amejaa kama gunia la unga lililoshonwa mdomo. Na nyumbani kwake je? Mke amekauka, kaka amekauka, hata mbwa mbavu zake ungeweza kuzihesabu kutoka ng'ambo ya barabara. Kweli, Baraka nzima ilikuwa imekauka wakati huo. Mashamba yalikuwa mbali, njia zilikuwa na wenye bunduki, na ziwani kulikuwa na siku wavuvi walikatazwa kutoka. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kutazama Baraka nzima? Tulitazama mashavu ya mwashi.

Halafu kulikuwa na suala la chakula. Kwetu, hospitali inatoa kitanda na dawa, basi. Chakula ni cha ndugu. Mgonjwa hawezi kulazwa bila garde-malade wake, yaani mtu wa nyumbani anayelala chini ya kitanda chake, anayekuja na sufuria, makaa, ndoo na maneno mengi. Ukipita nyuma ya hospitali yoyote ya kwetu, harufu ya sombe, majani ya muhogo yanayochemka, inakufikia kabla ya harufu ya dawa. Sasa ikatokea nyumba inayosema: mgonjwa aje peke yake, ndugu wabaki kwao, sisi tutamlisha. Bure! Asubuhi, mchana na jioni! Wakati wa vita! Tukaulizana: wanamlisha nini? Chakula hicho kinatoka wapi? Na kwa nini hawataki macho ya ndugu?

Yaliyobaki yalijieleza yenyewe. Watawa walifunika pua na mdomo kwa kitambaa, hakuna aliyewahi kuona meno yao, na wengi walisema hayapo. Mbele ya lango walifunga kamba ambayo mgeni haruhusiwi kuivuka. Kila asubuhi walipita na vikopo vidogo vyenye mifuniko, wakakusanya mate ya wagonjwa, wakayapeleka kwenye chumba chenye dirisha moja. Mtu anayeamka mapema kukusanya mate yako na kuyafunika vizuri, unadhani anakwenda kuyafanyia sala? Na la mwisho, ambalo lilimaliza mjadala wowote: kila upande wa vita ulipita Nundu, na kila upande ulichukua mbuzi, redio, mabati, hadi milango na bawaba zake. Monasteri haikuguswa hata kuku. Baadaye sana nilisoma masomo ya jioni, nikapata diploma yangu nikiwa na mvi, na nakiri kwamba katika vitabu vyote nilivyofungua sijakuta hoja iliyofungwa kamba vizuri kama ile.

Basi mke wangu akaanza kukohoa.

Mwanzo tulisema ni vumbi, halafu tukasema ni moshi, halafu tukasema ni baridi ya porini tulikokuwa tumekimbilia. Siku alipokohoa damu kwenye kitenge, tuliacha kubahatisha. Nilimpeleka kwa muuguzi, ambaye kituo chake kilikuwa kimebaki kuta na kalenda. Alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa.

"Ni kifua kikuu. Dawa yake ilikuwa hapa, bale ba bunduki balibeba yote na kabati yake. Sasa iko kule juu tu, kwa batawa. Atakaa miezi, atakunywa dawa kila siku mbele ya macho yao. Na musikie vizuri: akiacha katikati, ile ugonjwa itarudia na nguvu, na hapo sitakuwa na kitu ya kumufanyia. Atakufa."

Tuliketi nyumbani kufanya kikao. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, maana kile kingine kilikuwa kimepoteza mabati yake kwa vijana waliopita wakisema wanaokoa nchi. Alikuwepo mke wangu amelala kwenye mkeka, na kaka yake, ambaye ni fundi wa mitumbwi, mtu mwenye sauti ya kugonga misumari. Mama mkwe wangu alikuwa uani, kwa heshima, lakini sikio lake lilikuwa ndani pamoja nasi.

"Shemeki," kaka mtu akaniambia, "dada yangu tutamupeleka kwa bachawi? Bale batatukula wote. Uliona ule mwashi? Uliona muke yake?"

"Niliona."

"Uliona imbwa yake?"

"Niliona na imbwa."

Mke wangu akajiinua kwa kiwiko. Alikuwa amebaki sauti tu, lakini sauti yenyewe ilikuwa nzima.

"Mi niko nakufa hapa, nyiye munaongea imbwa. Kama ni kilo banataka, bakamate kwa bwana yangu. Iko nazo mingi. Muangalie ile tumbo! Hata vita ilipita ikaiacha."

Ni kweli kwamba wakati huo nilikuwa na tumbo. Sisemi tumbo kidogo. Lilikuwa tumbo la kutangulia, lililofika kwenye mikutano kabla yangu na kuanza kusalimia watu. Wote wakacheka, hata uani nikasikia kicheko kinazuiwa kwa kitambaa. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mama aliyenizalia watoto, mifupa ya shingo yake imesimama, nikaona kwamba amesema neno la maana kuliko sisi wote.

"Basi bakamate," nikasema. "Kwangu mimi. Zote."

Akabebwa kwenda Nundu na kupandishwa mlima. Nilimsindikiza hadi palipoanza mwinuko mkali, wabebaji wakanirudisha kwa sababu ya wenye bunduki. Nilirudi Baraka nikiwa nimeshika tumbo langu kwa mikono miwili, kama mtu anayeaga mgeni wa siku nyingi.

Mama mkwe akahamia kwangu kutunza watoto. Hapa lazima nieleze adabu ya kwetu, maana asiyeijua atadhani tulikuwa tumegombana. Kwetu mkwe mwanaume hali mbele ya mama wa mke wake. Kutazamana usoni ni taabu, kutajana jina haiwezekani, na mkiongea, mmoja anaelekea ukutani. Katika nyumba ya vyumba vitatu na jiko la nje, adabu hiyo ni raha tupu, kila mtu na kona yake. Katika chumba kimoja, ni mazoezi ya jeshi. Yeye akiingia, mimi natoka. Yeye akitoka, mimi naingia kwa mgongo. Mvua ikinyesha sote tuko ndani, tunasoma ukuta mmoja.

Alikuwa mpishi mwenye mkono mzuri. Kila mchana aliweka sahani yangu kizingitini imefunikwa: ugali wa muhogo, sombe, na siku ziwa lilipokuwa na huruma, ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga. Mimi nilichukua sahani ile nikazunguka nyuma ya nyumba. Nilipeleka tonge la kwanza mdomoni, nikasikia kanga yake inapita. Tonge likasimama kooni. La pili nililimeza kama dawa. Halafu nikaifunika sahani, nikairudisha kizingitini, maana mkwe mwenye heshima harudishi sahani tupu kana kwamba kwao hakuna chakula. Kutoka ndani nilisikia sauti ikiambia ukuta:

"Batoto, muulizeni baba yenu kama ameshiba."

Watoto wakaja. "Baba, umeshiba?"

"Mwambieni bibi nimeshiba hadi hapa," nikaonyesha shingoni.

Mimi nikaanza kukonda. Na kwa nini nisikonde? Niliijua sababu, niliikubali mbele ya mashahidi.

Ila nilitaka kuwa na hakika kwamba kilo zinafika, zisipotelee njiani kama mizigo mingine ya wakati ule. Sokoni kulikuwa na mzee mmoja muuza ndagala aliyekuwa na mizani ya zamani ya kununulia pamba, ile ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na uso wa saa. Nikamwomba anipime. Aliniangalia juu hadi chini.

"Papa, we ni muteja ao ni muzigo?"

"Leo ni muzigo."

Akanifunga gunia chini ya makwapa, akanining'iniza kwenye boriti. Soko lote lilisimama. Bamama wa mihogo wakasahau bei zao. Mmoja akauliza kama nauzwa mzima ama kwa vipande, mwenzake akamjibu anataka kichwa tu, cha kutengenezea supu ya mkaidi. Sindano ikatetemeka, ikatulia. Nikakariri mahali ilipotulia, nikashuka, nikajinyoosha shati.

Tangu hapo kila siku ya soko nilining'inizwa, na kila siku ya soko sindano ilisimama chini kidogo ya pale ilipokuwa. Yule mzee akawa ananipokea kwa habari.

"Imeshuka tena, papa. Huko mulimani mama iko nakula vizuri."

"Mungu asifiwe," nilijibu, na sikuwa natania.

Nilikonda kukonda kwenyewe. Mkanda ulipokwisha matundu niliutupa, nikafunga suruali kwa kamba ya wavu. Upepo wa ziwa ulipovuma nilitembea karibu na kuta. Kuna askari mmoja kizuizini aliyeniomba kitambulisho, akatazama picha, akanitazama mimi, akaniuliza maiti ya huyu wa kwenye picha tuliizika wapi. Nilicheka, na nilipocheka nilisikia mbavu zinagongana kama vijiko. Lakini moyoni nilikuwa nimetulia. Kila mfupa uliojitokeza kwangu, nilihesabu kuwa kuna mmoja umefunikwa kule juu. Sijawahi katika maisha yangu kufanya kazi ambayo matokeo yake niliyaona wazi namna hiyo.

Shida ililetwa na shemeji. Alikuja siku moja, akamkuta mama yake anatwanga, akasimama mlangoni muda mrefu akimtazama mikono. Akanivuta kando.

"Shemeki, mama amekonda."

"Kila mutu amekonda."

"Hapana. Zako zilikwisha. Ulikuwa na tumbo moja tu, batawa bamelimaliza, sasa bameanza kukamata kwa mama. Kisha ni batoto. Kesho nitapanda nimushushe dada yangu."

"Na dawa? Muuguzi alisema akiacha katikati anakufa."

"Na mama akikufa? Mi sina mama mwingine wa kubadilisha."

Alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na mke mmoja. Nikamwomba anipe siku chache kabla hajapanda. Alfajiri nikatoka kwenda Nundu mimi mwenyewe, nikalala huko, na kulipokucha nikaanza mlima. Niliupanda kama karatasi inayopanda ukuta. Vizuizini hawakunisumbua, hakukuwa na kitu kwangu cha kuchukuliwa.

Nilifika jua limepanda. Monasteri yenyewe, baada ya yote niliyosikia, ilinitisha kwa udogo wake: jengo refu la matofali, kanisa la bati, kengele kwenye mti, na mashamba ya maharage yaliyoteremka mlima mzima yakiwa kijani kibichi. Mbele ya lango, kamba. Nyuma ya kamba alisimama mtawa mwembamba mwenye kitambaa usoni. Chini ya kibaraza, mizani ya kusimamia. Kwenye meza, vikopo.

Nikavua kofia.

"Padri, mi niko bwana ya ule mama wa Baraka."

"Ah! Yule anayechekesha wodi nzima," akasema, Kiswahili chake safi kama cha redio. "Anaendelea vizuri. Ameongeza kilo."

"Najua, padri. Mi naziona hapa." Nikajishika mbavu.

Akanitazama juu ya kitambaa.

"Nimekuja kuomba kitu moja," nikaendelea. "Hizo kilo, mukamate zote kwangu. Zile zimebakia, mukamate. Lakini musiguse mama mukwe. Musiguse batoto. Mi mwenyewe nilikubali, bengine habakukubali."

Sijui alielewa nini. Nadhani alielewa kwamba nasali. Aliinamisha kichwa, akasema taratibu: "Mwombee tu aendelee hivyo hivyo."

"Aendelee, padri! Mi bado niko!"

Ndipo nikasikia jina la mtoto wetu wa kwanza linaitwa, na jina hilo likifuatiwa na "baba yake", ndivyo mke wangu anavyoniita. Alikuwa amesimama kwenye kona ya wodi, ng'ambo ya kamba, na jembe mkononi. Nikamwangalia. Shingo ilikuwa imefunikwa. Mikono ilikuwa mikono. Na usoni kwake, Mungu wangu, niliona mashavu yangu, yamekaa pale kana kwamba yalizaliwa pale.

"Umekonda hivi ni nini?" akapiga kelele. "Haukulake chakula?"

"Kula weye!" nikajibu kwa nguvu zote. "Usijali! Kula! Ongeza!"

Alicheka hadi akashika jembe. Mimi machozi yalinitoka, nikayafuta kwa kofia. Mtawa naye alikuwa bado ananichunguza.

"Bwana, una kikohozi?"

"Hapana."

"Umekonda kupita kiasi. Hebu vuka kamba, upande hapa kwenye mizani. Halafu utanitemea kidogo kwenye kikopo."

Sikumbuki nilivyoteremka ule mlima. Nakumbuka kengele ikilia nyuma yangu, na mawe yakinipita, ama mimi nikiyapita. Yale niliyopanda asubuhi nzima niliyashuka kabla jasho halijapata nafasi ya kutoka. Kutoa kilo zangu nilikuwa nimekubali. Mate, hapana.

Nikamwambia shemeji kwamba nimeongea na mkubwa wa kule uso kwa uso, na kwamba kuanzia sasa wanakata kwangu peke yangu. Aliniuliza kama wamekubali kwa mdomo. Nikamwambia aliinamisha kichwa. Akafikiri, akaangalia tena mikono ya mama yake, akasema atangoja mwezi uishe, lakini mama akikonda zaidi hata kidogo, anapanda. Tangu siku hiyo aliniletea samaki wakubwa kila alipopata, ili watawa wasikose cha kukata. Samaki wale niliwarudisha kizingitini kama sahani nyingine, kwa heshima. Mama mkwe, sijui kwa nguvu gani, hakukonda tena.

Mke wangu alimaliza dawa, kidonge cha mwisho mbele ya macho yao. Aliteremka kwa miguu yake hadi Nundu, na kutoka hapo akaletwa kwa baiskeli ambayo mwenye nayo alilalamika njia nzima kwamba uzito wake unamwulia tairi. Mtaa wote ulitoka. Bamama walimzunguka wakimgusa mikono, wakimpapasa mgongo, halafu wakageuka wote pamoja kunitazama mimi niliyesimama mlangoni na suruali ya kamba. Mzee wa mizani naye alikuwepo, akatikisa kichwa kama mtu aliyefuatilia biashara ile tangu mwanzo.

Tulipika. Shemeji alileta samaki, majirani walileta viti. Mke wangu alisimulia habari za kule: walivyolima maharage wale walioweza kushika jembe, walivyoyala asubuhi na jioni hadi wakaota ndoto za maharage, na wenye bunduki walivyofika mara nyingi hadi kwenye kamba.

"Na habakuingia?" shemeji akauliza.

"Baingie wapi? Tulikuwa tunakohoa wote kwa mara moja, banakimbia. Bale batu banaogopa kikohozi kuliko risasi."

Watu wakacheka. Mimi niliacha wacheke, kisha nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Niliwaeleza wote, kwa utaratibu, jinsi nilivyokubali, nilivyopimwa, nilivyopanda mlima na kuomba nikatwe peke yangu. Nilisema sidai shukrani. Nilisema mwenye kutaka kujua tumbo langu lilienda wapi amtazame mke wangu. Nikaketi. Shemeji alikuwa anafuta macho. Mke wangu alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Mama," akaita kuelekea uani, "ule bwana iko nasema nini?"

Kisha mama mkwe akaingia hadi mlangoni, akaelekea ukutani kama kawaida, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akaniambia mimi moja kwa moja, bila kupitia kwa watoto:

"Mukwe, hakuna mutu alikula kilo zako. Ulikonda sababu ulikuwa haukule. Kila siku nilikupikia, kila siku sahani ilirudia imejaa, na samaki ya huyu mutoto wangu juu yake. Nilikuwa nagawia batoto, na mwisho nikaanza kukula mi mwenyewe. Muke yako aliponeshwa na dawa."